Kisukari ugenini: anza na namba zako

Mimi ni muuguzi, na wengi ninaowafundisha ni watu wazima waliohamia nchi nyingine wakiwa tayari na kisukari. Wengi hutaka tuanze na chakula. Mimi naanza na mashine ya kupimia sukari ya damu.

Hatua ya 1: Jua mashine yako inasoma kwa kipimo gani

Marekani hupima sukari ya damu kwa mg/dL (miligramu kwa desilita). Uingereza na Kanada hutumia mmol/L (milimoli kwa lita). Mtu aliyezoea kuona 180 akipewa mashine inayoonyesha 10, anaweza kudhani amepona, kumbe sukari ni ileile. Ukiwa na mg/dL, gawanya kwa 18 upate mmol/L. Ukiwa na mmol/L, zidisha kwa 18. Kwa hiyo 70 ni sawa na 3.9, na 126 ni sawa na 7. Ziandike kwenye karatasi uibandike ndani ya mkoba wa mashine, kisha mwombe daktari aandike hapo hapo kiwango anachotaka usizidi. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, nacho kina sura mbili: asilimia 7 ni sawa na 53 mmol/mol.

Kabla ya kujichoma, nawa kwa maji na sabuni, ukauke vizuri. Ukitoka kumenya tunda tamu, utomvu uliobaki kidoleni huchanganyika na tone la damu na namba hupanda bila sababu. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole; katikati ndiko kunakouma.

Hatua ya 2: Linganisha bomba la sindano na chupa ya insulini

Hapa sina mzaha. Kuna insulini ya U-100, yaani yuniti 100 kwa kila mililita, na kuna nchi ambako U-40 bado inatumika. Ukivuta U-100 kwa bomba la U-40 hadi alama ya 20, umevuta yuniti 50. Soma namba kwenye chupa na kwenye bomba. Zisipofanana, usijidunge, nenda kwa mfamasia. Na ukisafiri kwa ndege, insulini ikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu inaweza kuganda kwenye shehena, na iliyoganda haifai tena.

Hatua ya 3: Sukari ikishuka

Kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa: pima. Ikiwa chini ya 70 (3.9), chukua gramu 15 za sukari ya haraka, kama nusu kikombe cha juisi au vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini, rudia. Chokoleti haifai, mafuta yake huchelewesha sukari. Aliyezimia asiwekewe kitu mdomoni. Piga simu ya dharura. Wafundishe hili unaoishi nao.

Hatua ya 4: Kwenye chumba cha daktari

Unapopanga miadi, omba mkalimani. Hospitali nyingi huwa naye bila malipo, hata kwa simu. Usimtumie mwanao: mtoto hawezi kutafsiri habari za figo au nguvu za kiume za baba yake, ataruka maneno kwa aibu au huruma.

Kisha, kabla hujanyanyuka, rudia kwa maneno yako: “Daktari, nilivyoelewa, hiki kidonge nimeze pamoja na chakula, asubuhi na jioni. Ni sawa?” Daktari akikurekebisha, rudia tena. Usiitikie tu “ndiyo” kwa heshima. Ndiyo hiyo nimeona ikimrudisha mtu wodini. Maliza kwa swali ambalo wengi hawaulizi: “Siku nikitapika au nikishindwa kula, dawa hizi nifanyeje?” Jibu liandikwe, kwa lugha unayoisoma.