Siku mbili Likasi na Tshangalele: kusafiri na marafiki wa zamani ukiwa na mwenzi wako

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi anataka kutoka Lubumbashi, hapa Kongo, Jumamosi na wenzake aliosoma nao, amchukue na mchumba wake, warudi Jumapili. Alikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye ninayepanga safari za kundi letu, watu tunaojuana tangu shule ya msingi, na mume wangu huwa yumo. Nilianza kumjibu kwa sauti kwenye WhatsApp, sauti zikawa ndefu mno. Kwa hiyo nimeandika.

Hatua ya 1: Chagua karibu

Kwa siku mbili, nenda Likasi na ziwa Tshangalele. Likasi iko kama kilomita 120 kwa lami ya barabara ya taifa namba 1. Mnatoka alfajiri, mnapita Likasi, mnashinda ziwani, mnarudi kulala Likasi, na kesho yake mko nyumbani bila haraka. Ziwa lenyewe lilizaliwa na bwawa la Mwadingusha lililozuia mto Lufira. Mtambo wa umeme wa pale ulianza kazi mwaka 1930.

Hakosi mmoja wa kusema, "Twende Lofoi!" Ni kweli, maporomoko ya Lofoi katika mbuga ya Kundelungu yanashuka zaidi ya mita 300, na mtu akiyaona hayasahau. Ila njia yake inataka jeep na siku za ziada, na kiangazi kikishakausha njia vizuri, maji nayo yanakuwa yamepungua sana. Mwambie hiyo ni safari nyingine, aanze kuiwekea pesa.

Hatua ya 2: Tarehe

Kati ya Mei na Septemba hakuna mvua. Juni na Julai usiku ni baridi ya kweli, maana huku tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, kwa hiyo kila mtu na blanketi lake. Chagua wikendi ya kwanza baada ya mishahara. Tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru, ni nzuri ikigusana na wikendi, lakini weka vyumba mapema. Tarehe 1 Agosti iache: ni siku ya wazazi, watu wanakwenda makaburini kusafisha, na nusu ya kundi lako watakuwa na wajibu wa ukoo.

Hatua ya 3: Mwenzi wako asiwe mgeni

Mume wangu ni mtu wa Bukavu. Hakusoma nasi, hajui mwalimu gani tulimpa jina gani, na utani wetu ulikuwa unampita juu ya kichwa. Wenzangu walimpenda, na upendo wao ndio uliomchosha. Kila akinyanyuka kushika kitu: "Shemeji, weye kaa tu, weye ni mugeni." Mtu akiambiwa akae tu kutwa nzima, jioni ataanza kuuliza mnarudi lini.

Mpe kazi yenye uzito kabla hamjaondoka, na wenzako waijue. Kupiga picha si kazi. Mimi nashauri apewe pesa za safari ashike, na sababu yake inakuja katika hatua ya 4.

Kwa wewe ambaye ni mchumba tu na mahari bado: mwambie dada yake mkubwa au shangazi yake mnakwenda wapi, na nani, na mnarudi lini. Wasichana walale chumba chao. Usitegemee kwamba Likasi ni mbali. Katika Katanga hii hakuna mji ambao hauna mjomba wa mtu.

Hatua ya 4: Mchango

Hapa soma polepole. Motoka ikiharibika mtacheka mwaka mzima, lakini dola kumi zisizojulikana zilikokwenda zinaweza kuvunja urafiki wa miaka ishirini.

Kosa la makundi mengi ni kusema "kila mtu dola fulani" au "kila nyumba dola fulani". Ukihesabu kwa nyumba, wasio na wenzi wanalipa mdomo mmoja kwa bei ya midomo miwili. Ukihesabu kwa vichwa, yule anayetaka kulala peke yake analipiwa chumba na wengine. Gawa matumizi katika vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza ni motoka: kukodi, mazuti (dizeli) au esansi (petroli), peaji (ushuru wa barabara), na shofere (dereva). Chakula cha shofere na chumba chake vinaingia humu, visiachwe vikatokea usiku kama deni. Kinagawanywa kwa viti vya abiria.

Kikapu cha pili ni vyumba. Kila chumba kinalipiwa na wanaolala ndani yake.

Kikapu cha tatu ni chakula. Kinagawanywa kwa midomo.

Tuseme mko saba: jozi mbili za wenye ndoa na watu watatu peke yao. Motoka na vyake vyote dola 210, maana yake 30 kwa kiti. Chumba dola 30. Chakula dola 105, yaani 15 kwa mtu. Jozi inalipa 60 za viti, 30 za chumba na 30 za chakula: 120. Wawili wanaolala chumba kimoja wanalipa 60 kila mmoja. Anayetaka chumba peke yake, 75. Jumlisha, utapata 435, ndiyo gharama yote. Yule wa 75 atasema wenye ndoa wanalala nusu bei. Mwulize mapema, mbele ya wote, kama anataka kuungana na wale wawili au kulipa. Akishachagua, maneno yameisha.

Kila kichwa kiongeze dola 5 za akiba. Hizo ni za tairi na dawa, na zinarudi zisipoguswa.

Bia haimo katika kikapu chochote. Katika kundi letu kuna waliookoka, kuna Wamethodisti wasiogusa chupa, na kuna ambao bia ya Simba ya baridi ndiyo sababu ya safari. Ukichanganya bia na mchango, anayekunywa sukre (soda) moja atakuwa anamlipia mwenzake chupa sita na kumwombea kwa uchungu. Kila mtu anunue kinywaji chake kwa mfuko wake, na hili liandikwe katika grupu.

Sasa nani ashike pesa? Nasema tena, ni mwenzi wako. Marafiki wa zamani wana historia. Mweka hazina akiwa mmoja wenu, atasikia, "Masta, unakumbuka nilikulipia karo mwaka ule? Nihesabie nusu, nitamaliza." Utamjibu nini? Mume wangu hana historia hiyo. Anatabasamu na kusema, "Mimi nimepewa orodha tu." Lakini asishike kaye, daftari la hesabu. Nyumba moja ikishika pesa na hesabu pia, watu watanong'ona hata mkiwa safi kama maji ya chupa. Kaye ishikwe na rafiki mwingine, ikiwezekana yule mgumu, anayeandika hata mkate mmoja. Mmoja analipa, mwingine anaandika, na ukurasa unapigwa picha kila jioni na kutumwa katika grupu.

Kuhusu pesa zenyewe:

Dola zikaguliwe siku zinapopokelewa, moja moja, kwenye mwanga. Noti yenye mpasuko mdogo pembeni, mhuri au wino, irudishwe hapo hapo kwa aliyeileta. Kwetu noti hiyo haipokelewi, na ukishaiingiza katika bahasha hakuna atakayekubali kuwa ni yake. Shikeni kila noti kwa ncha mbili, mpitishe kidole ukingoni. Mpasuko wa urefu wa punje ya mchele unatosha kukunyima mazuti.

Badilisha sehemu ya pesa kuwa faranga kwa kambista (mbadilisha pesa) mjini kabla ya kuondoka. Ukilipa kwa dola njiani, chenji inarudi kwa faranga, na bei ya kubadilisha anaipanga mwenye duka. Kwa maji, ndizi na parking, faranga tu, tena ndogo ndogo.

Anayetuma kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money aongeze makato ya kutoa. Mtu aliyetuma 60 akafikisha pungufu, hajafikisha 60.

Siku ya mwisho ya kulipa iwe Jumatano. Ambaye hajalipa Alhamisi asubuhi, kiti chake kinatolewa kwa mwingine. Nimeambiwa mimi ni mkali. Motoka yangu inaondoka imejaa.

Hatua ya 5: Motoka

Kodini Hiace pamoja na shofere wake. Noah ni nzuri mjini, lakini watu saba, mapipa ya maji na mbabula (jiko la mkaa) ndani ya Noah mtafika mmekunjamana, na kutoka Likasi kwenda ziwani kuna vumbi na mashimo. Shofere awe ameizoea barabara ya malori ya shaba. Rafiki yenu anayejiona dereva hodari apewe kazi ya muziki. Karatasi zote za motoka ziwe ndani, bima ikiwa haijaisha, tairi la akiba likiwa na upepo. Kila mtu na kadi yake ya mpiga kura, ndiyo kitambulisho chetu.

Hatua ya 6: Chakula

Kuku na viazi vipikwe nyumbani Ijumaa. Bukari (ugali) haisafirishwi, inasongwa pale pale: bebeni unga, sufuria, mwiko na makala (mkaa). Sombe (majani ya muhogo) ipikwe usiku uliotangulia, inakuwa tamu zaidi kesho yake. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi kinachochacha, iwe katika chupa zisizofungwa kwa nguvu, la sivyo itawaogesha kabla ya Likasi.

Hatua ya 7: Kuondoka

Alfajiri, kabla malori hayajajaa barabarani. Kiti cha mbele kinabadilishwa kila mnaposimama, na hakuna mwenye kiti cha mbele kwa haki ya ukongwe.

Hatua ya 8: Ziwani

Jitambulisheni kwa watu wa kijiji kabla ya kutandika mkeka, na ulizeni wapi panafaa kukaa. Bwawa, mtambo, daraja na peaji havipigwi picha. Simu ikikamatwa na askari, mchana wenu umekwisha. Msioge kwenye maji yaliyotulia penye majani, kichocho hakichagui mgeni. Na samaki wataletwa, wabichi, wazuri machoni. Sisi hatununui. Watafiti wamepima samaki wa ziwa hili wakakuta kobalti na shaba nyingi, kwa kuwa maji yanapita kwenye machimbo kabla ya kufika hapa. Wengine katika kundi letu wanasema mimi ni mwoga. Wao wanunue, wale, wasiandike katika kaye.

Pia atatokea wa kusema Shinkolobwe iko karibu na Likasi, twende tuone urani ya bomu la Hiroshima ilikotoka. Eneo lile limefungwa. Hapana.

Mwezi Juni jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mfungashe vyombo mapema, njia ya vumbi gizani si ya mchezo.

Hatua ya 9: Hesabu na kurudi

Hesabu ifungwe Likasi, Jumapili wakati wa chai, kabla mtu hajaingia motokani. Mkisema mtahesabu mkifika Lubumbashi, mmoja atashukia njiani, mwingine atapigiwa simu na mama yake, na kaye italala. Mwenye kaye anasoma kwa sauti, mwenye bahasha anaonyesha kilichobaki, akiba inagawanywa hapo hapo mkononi.

Kisha njiani mtaona magunia ya makala, na bei yake itawatia wazimu watu wa mjini. Kila nyumba ina haki ya gunia moja, asiye na mwenzi anahesabiwa kuwa nyumba peke yake, na shofere naye ana lake. Gunia linalipiwa na mwenye nalo, linafungwa kwa kamba juu ya motoka, haliwekwi miguuni mwa watu, na shofere ndiye anayesema sasa basi, tairi zimelalamika.