Kumvua krapi chini ya barafu bila mashine ya kuonea samaki

Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Minnesota, Marekani, nilishinda juu ya ndoo, barafu chini ya miguu, chambo changu kimelala kwenye tope la ziwa. Nilikuwa nimezoea mshipi tangu utotoni Musoma, na nilidhani samaki wa baridi hujificha chini kabisa. Kuanzia asubuhi hadi jua kuegemea sikudonwa hata mara moja. Hatua ishirini kutoka nilipokaa, mzee mmoja mwenyeji alikuwa akitoa samaki mmoja baada ya mwingine. Aliponiona nafungasha alinisogelea, akauvuta mshipi wangu wote juu, kisha akaurudisha majini zaidi kidogo ya nusu. Kabla sijavaa glovu tena, nilikuwa na krapi mkononi.

Maji pale yalikuwa na kina cha pima tano (pima moja ni futi 6). Samaki walikuwa kwenye pima tatu. Mambo mengine yote utakayosoma hapa yanafuata hilo: ukijua chambo chako kiko pima ya ngapi, mashine ya mamia ya dola huihitaji.

Kwanza umjue samaki mwenyewe. Krapi ni bapa kama sato, wa rangi ya fedha yenye madoadoa meusi, na wengi utakaowapata ni wa urefu wa kiganja na vidole vyake au kuzidi kidogo. Wako wa aina mbili, waitwao weusi na weupe, na wote huvuliwa kwa namna moja. Wakati wa baridi huhama ukingoni wakakusanyika juu ya shimo la ziwa, yaani sehemu yenye kina kikubwa, lakini hawatui chini. Huning'inia katikati ya maji, kundi zima kwenye kina kimoja. Chakula chao ndicho kinachowaweka pale: vijidudu vya majini na viluwiluwi vya visubi ambavyo mchana hujificha kwenye tope na jioni hupanda. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anawajua ndugu za visubi hao, wale wanaopanda kama moshi juu ya ziwa. Na kadiri miezi ya barafu inavyosonga, hewa ya oksijeni hupungua chini kwa sababu ya majani yanayooza, basi samaki naye husogea juu.

Hatua ya 1: Barafu yenyewe

Hapa sitanii na mtu. Inchi 4 za barafu mpya, ngumu, angavu kama kioo, ndicho kiwango cha chini kwa anayetembea kwa miguu. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nguvu ya nusu tu, kwa hiyo dai unene mara mbili. Shika mtaimbo, piga barafu mbele yako unavyokwenda. Ukipenya kwa pigo moja, rudi kwa njia uliyojia. Kaa mbali na midomo ya mito, chini ya madaraja na penye majani yaliyochomoza. Vaa jaketi la kuokolea maisha na uning'inize shingoni jozi ya misumari yenye mipini, ili ukitumbukia uichomeke kwenye barafu na kujivuta nje. Usiende peke yako.

Ukikaa ndani ya hema na kuwasha hita ya gesi, acha matundu ya hewa wazi. Kila mmoja wetu amesikia habari za jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Hema ni chumba.

Leseni ni lazima kwa mwenye miaka 16 au zaidi. Wakati wa baridi Minnesota inaruhusu mishipi miwili kwa mtu mmoja, na krapi 10 kwa siku, ingawa maziwa mengine yana idadi ndogo zaidi. Soma sheria ya ziwa lako kabla hujatoka nyumbani.

Hatua ya 2: Utie mshipi alama

Kazi hii ifanye nyumbani, mikono ikiwa na joto. Chukua uzi wa rangi angavu, njano au chungwa, wenye nguvu ya ratili 3 au 4. Mwishoni unga nusu pima ya uzi usioonekana majini, na huko ndiko ndoano itakakofungwa. Kisha uutandaze sakafuni na uupime kuanzia kwenye ndoano. Kila nusu pima, chora mstari mmoja kwa kalamu ya wino usiofutika. Kila pima kamili, michoro miwili. Endelea hadi pima sita.

Kwa nini pima, na si mita? Kwa sababu pima ya wavuvi ni futi 6, na ramani zote za maziwa hapa zimeandikwa kwa futi. Futi 30 ni pima tano, hesabu unaifanya kichwani huku meno yanagongana. Kwenye uzi tumia utepe wa kupimia. Ukiwa juu ya barafu, ukivuta mshipi kwa mikono iliyonyooshwa, pima ya mwili wako itakutosha.

Nilijaribu kwanza kufunga vifundo vya uzi wa kushonea badala ya wino. Kwenye baridi kali vifundo hushika barafu na kukwama kwenye pete za fimbo. Wino hufifia, ni kweli, lakini kuuchora upya ni kazi ya dakika kumi.

Hatua ya 3: Chagua shimo la ziwa

Idara ya Maliasili ya Minnesota huweka ramani za kina za maziwa kwenye tovuti yake bila malipo. Anza na ziwa dogo. Tafuta mistari ya kina inayozunguka mahali pamoja penye futi 25 hadi 35, hasa karibu na ghuba yenye majani ambako krapi walikuwa wakati wa joto. Ziwa kubwa lenye mashimo kumi litakumaliza nguvu.

Hatua ya 4: Toboa mapema, kisha pima

Fika saa nane mchana. Kwa kekee ya barafu, toboa matundu nane hadi kumi kwa mstari mmoja, yakiachana hatua kumi, kutoka kwenye mteremko hadi katikati ya shimo. Toboa yote kabla ya kuvua, kwa sababu kelele za kekee na kukanyagakanyaga huwasumbua samaki, na utataka ziwa limetulia jua linapozama. Ondoa vipande vya barafu kwa kijiko cha matundu.

Sasa funga bildi, yaani risasi ya kupimia kina, kwenye ndoano na uiteremshe kwenye kila tundu hadi mshipi ulegee. Soma alama iliyopo usawa wa maji, si ya juu ya barafu, na uandike kina pembeni kwenye theluji kwa kidole. Nikimaliza safu hiyo huwa naiona sakafu ya ziwa akilini mwangu: tatu, tatu na nusu, nne na nusu, tano, tano, tano. Tundu la kwanza lenye "tano" ndipo ninapoanzia, maana krapi hupenda mwanzo wa shimo.

Hatua ya 5: Watafute kuanzia juu

Krapi huona chakula kilicho juu yake na hupanda kukifuata. Kilicho chini yake mara nyingi hukiacha. Ukikosea kwa kuvua juu kidogo, anaweza kukujia. Ukikosea kwa kuvua chini yake, umekaa bure, kama nilivyokaa mimi.

Mshipi wa kwanza uwe na boya na kidagaa hai, uliofungwa kwenye nusu ya kina. Huo unakaa wenyewe. Wa pili uwe mkononi, na jigi ya tangsteni, ndoano ndogo yenye kichwa kizito kama punje ya mtama, iliyotiwa funza mmoja au wawili. Kwenye pima tano, anza kwenye pima mbili. Tikisa ncha ya fimbo taratibu, kiasi cha unene wa kidole, hesabu hadi ishirini, kisha tulia kabisa uhesabu ishirini nyingine. Wengi hudona kwenye utulivu huo. Teremsha nusu pima, urudie. Ukifika nusu pima kutoka chini bila kitu, pandisha boya la mshipi wa kwanza au lishushe, kisha hamia tundu linalofuata. Usimpe tundu moja zaidi ya robo saa mchana.

Hatua ya 6: Mdono usioufikiria

Tuliozoea sato au sangara tunangoja boya lizame. Krapi anakuja kutoka chini, anameza chambo, na anaendelea kupanda nacho. Uzito wa jigi unaondoka kwenye mshipi. Kwa hiyo boya halizami: linapanda kidogo, au lililokuwa limesimama linalala ubavu. Kwenye mshipi wa mkononi utaona uzi uliokuwa umenyooka unalegea, unachora upinde mdogo juu ya maji. Huo ndio mdono. Ukisubiri mvuto, ameshatema.

Mimi hufunga kipande cha waya laini wa springi kwenye ncha ya fimbo, kikipinda kidogo kwa uzito wa jigi. Kikinyooka, nainua. Nainua tu, sipigi: ngozi ya mdomo wa krapi ni nyembamba kama karatasi, na ukikurupuka utaichana ubaki na funza aliyepondeka. Mlete kwa mwendo mmoja, na mshipi usilegee.

Hatua ya 7: Wakipatikana, shika kina chao

Kabla hujamtoa samaki ndoano, soma alama iliyopo usawa wa maji ulipodonwa. Rudisha jigi pale pale, halafu lete mshipi wa boya kwenye kina hichohicho, kwenye tundu la jirani. Fanya haraka, maana kundi huja na kupita.

Jua likizama wanapanda. Waliokuwa pima tatu saa kumi jioni wanaweza kuwa pima mbili giza likiingia. Ukimya ukizidi dakika tano, pandisha nusu pima kabla ya kufikiria kuhama tundu. Saa moja inayozunguka machweo ndiyo niliyopatia samaki wengi kuliko mchana wote ukijumlishwa, na hapo ndipo watu wengi wanakuwa wamekwisha kwenda nyumbani.

Jambo moja linaniuma ninapoliona. Krapi aliyevutwa kutoka futi 30 hivi hufika juu na kibofu cha hewa kimevimba; ukimrudisha, anaweza kuondoka akionekana mzima kisha akafa. Usicheze mchezo wa kuvua na kuachia kwenye maji ya kina hicho. Chukua wa kukutosha mboga, kisha kunja mishipi hata kama bado wanadona.

Waparue magamba kabla hawajaganda kama mbao nje ya hema. Chumvi, ndimu, na kikaango chenye mafuta ya moto.