Kumfundisha Mzungumzaji wa Kiswahili Kuandika na Kusema Kiarabu

Anayejua Kiswahili haji mikono mitupu kwenye Kiarabu. Ana kalamu, wakati, bahari, samaki na maneno mengine tele, na kama alipitia chuoni huenda anausoma Msahafu bila kukwama. Lakini maneno hayo yameshazoea matamshi ya Kiswahili, na kusoma maandishi yenye irabu zote hakumfanyi mtu aweze kuandika barua. Mwalimu asiyeliona hilo humrukisha mwanafunzi hatua, kisha hushangaa anapokwama.

Anza na sikio. Kiswahili kimekusanya herufi kadhaa za Kiarabu katika sauti moja: h ya haki ilikuwa ح, ya hewa ه, ya habari خ. Dh ya dhahabu ni ذ, ya Ramadhani ni ض, ya dhuluma ni ظ. Ndiyo maana mwanafunzi huandika رمظان badala ya رمضان na asione kosa. Tenga dakika 10 mwanzoni mwa kila kipindi kwa jozi: قلب moyo na كلب mbwa, تين tini na طين udongo, سيف upanga na صيف kiangazi, علم bendera na ألم maumivu. Wewe tamka, yeye aonyeshe kwa kidole neno alilosikia. Akipatia mara 8 kati ya 10, ndipo naye atamke. Ukimtaka atamke kabla hajasikia tofauti, atakuwa anabahatisha tu.

Kwa ح, apumulie kioo kama anayetaka kukifuta, huku koo likibana katikati. Kwa ع, abaki mahali hapohapo, aongeze sauti. Katika ص wengi huingiza w, kama tunavyoandika «swala». Mpe kioo kidogo aitazame midomo yake: isiviringike. Kinachotakiwa ni sehemu ya nyuma ya ulimi kuinuka.

Kuna pia irabu za ziada. Kiswahili kiligeuza bahr kuwa bahari na ilm kuwa elimu, kwa hiyo atasema katabutu badala ya katabtu, yaani niliandika. Mfanye atamke katab, anyamaze kidogo, kisha tu. Halafu afupishe kimya hicho mpaka kipotee.

Kwenye maandishi, usisubiri herufi zote 28 ziishe. Fundisha kwa maumbo. Ukiwa na ا ب ت ن ي peke yake, tayari anaweza kuandika باب na بيت na بنت na نبات. Kisha mpe zile 6 zisizoshikana na herufi inayofuata: ا د ذ ر ز و. Hapa makosa ni mengi, hasa د na ر kufanana. Tumia daftari lenye mistari, na sheria iwe moja: د hukaa juu ya mstari, ر huteremka chini yake. Herufi ه iachie siku yake pekee, kwa sababu hubadilika sana mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno.

Imla iwe ya kila siku, sentensi 5 fupi zinatosha. Soma mara tatu: ya kwanza asikilize tu, ya pili aandike, ya tatu akague. Asahihishe mwenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine. Utakutana sana na كيتاب badala ya كتاب, kwa kuwa Kiswahili huandika kila irabu. Mkumbushe kwamba ا na و na ي huwakilisha irabu inayovutwa; ile fupi hubaki alama tu. Utaona pia اشمس badala ya الشمس: lamu, yaani ل ya «al-», humezwa mbele ya herufi 14, lakini kwenye maandishi haiondoki. Alama za irabu ziondoe polepole, ukianza na maneno aliyoyazoea. Shada, alama ya kukaza herufi, iwe ya mwisho kuondoka, maana ndiyo inayotenganisha دَرَسَ, alisoma, na دَرَّسَ, alifundisha.

Kuzungumza kuanze wiki ya kwanza, na tunashauri uanze na kitenzi cha wakati uliopo. Mwanafunzi amezoea nafsi itangulie, kama ninaandika na anaandika. Aktubu na yaktubu hazitamsumbua. Wakati uliopita, ambao nafsi hukaa mwishoni, usubiri. Kinachomchosha zaidi ni jinsia ya kike na ya kiume, kwa kuwa «anaandika» ni kwa yeyote. Onyesha picha za watu, aseme yaktubu kwa mwanamume au taktubu kwa mwanamke, papo hapo bila kufikiri. Upatanisho wenyewe si mgeni kwake: aliyezoea kitabu kikubwa na nyumba kubwa ataelewa haraka kwa nini ni بيت كبير lakini سيارة كبيرة. Ila atatafuta neno la «ni» na hatalipata. الكتاب جديد imekamilika hivyo hivyo.

Anapozungumza usimkatize. Andika makosa 3 tu, umwambie akishamaliza.

Mwisho, yapitieni maneno yanayofanana na kudanganya. Tafadhali ya Kiswahili huomba, lakini تفضل humkaribisha mtu aingie, aketi au ale. Anayeomba husema من فضلك. Barua kwa Kiarabu ni رسالة, si neno linalofanana na «barua». Na saa: saa moja asubuhi ni الساعة السابعة صباحا. Akisema الواحدة, mwenzake atakuja saa saba.