Dakta wa kifafa anahama? Panga haya kabla hajaondoka

Ukisikia tu dakta wa kliniki ya kifafa anaondoka, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Huku Malindi habari zenyewe hufika kwa mdomo, sista anakwambia juujuu tu kwamba huyu wenu mwisho wa mwezi hayupo, basi, na wewe una mtoto anakunywa vidonge asubuhi na jioni na hujui nani atakuandikia vingine.

Kitu cha kwanza ni karatasi. Yale yote dakta anayoyajua kichwani kuhusu mgonjwa wako yahame yaingie kwenye barua unayoishika wewe, manake faili ni la hospitali na faili hupotea, hilo sidhani kuna wa kubisha. Barua iseme ni kifafa cha aina gani, kwa sababu kuna cha kuanguka na kukakamaa mwili mzima na kuna cha mtoto kukodoa macho sekunde chache tu mwalimu akadhani ni kiburi, na dawa ya hiki inaweza kumzidishia yule. Iseme alianza lini, mara ya mwisho kushikwa ni lini, anakunywa dawa gani kwa jina na kwa miligramu, sio "kile cheupe nusu". Halafu, na hapa ndipo wengi hupasahau, iseme dawa zilizojaribiwa zikaachwa, na kwa nini. Kama kabamazepini ilimtoa vipele mwili mzima na haikuandikwa popote, dakta mgeni ataianzisha tena kwa nia njema kabisa. Majibu ya EEG, ile ya waya kichwani, na ya CT skani, yaombe nakala, ukapige na picha kwenye simu.

Sasa dawa. Dawa ya kifafa haikatwi ghafla hata kama mtu hajaanguka miaka. Ukikata fenobabitoni kwa mfano, mwili ulishaizoea, mtu anaweza kuanza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu katikati na hiyo inaua. Lamotrijini nayo ina vituko vyake, ukikosa siku kadhaa hurudii dozi kubwa uliyokuwa nayo, unaanza tena kidogo kidogo kwa maelekezo, la sivyo unatafuta vipele vibaya sana. Kwa hivyo mwombe dakta akuandikie ya kukuvusha mpaka umwone mwingine, na uulize kabisa duka gani la dawa wanayo, kwa sababu fenobabitoni ni dawa inayodhibitiwa na bila karatasi ya dakta hupewi. Ukipewa boksi la kampuni nyingine usinyamaze, muulize mfamasia kama ni ile ile, hasa kabamazepini, iko ya kawaida na iko ya kuyeyuka polepole, na hizo hazibadilishani hivi hivi tu.

Kina dada na wasichana waliokua, nyinyi msitoke kwa huyu dakta bila maongezi. Valproeti, nayo dawa ya kifafa, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, maumbile mpaka akili yake baadaye. Na kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinapunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na hata vile vijiti vya mkononi. Watu wengi huona haya kuuliza mbele ya mama mkwe au kaka aliyewasindikiza, basi mwambie atoke nje kidogo, dakta amezoea. Ila usiache valproeti mwenyewe nyumbani kwa kuogopa, hiyo hubadilishwa taratibu na dakta akijua.

Nani anachukua? Uliza jina, siku ya kliniki, na jengo. Mara nyingi atakuwa klinika ofisa au dakta wa kawaida wa hospitali, na mimi sioni ubaya, mgonjwa aliyetulia hahitaji spesholisti kila mwezi. Lakini aliye bado anaanguka na dawa mbili tatu, huyo aombewe rifaro, yaani barua ya kupelekwa hospitali kubwa, ya Mombasa mapema, ni kama kilomita 120 na nauli ya kwenda na kurudi ya watu wawili sio mchezo, sembuse mtu anayetoka Lamu ambaye anaanza na boti mpaka Mokowe ndio apande basi. Malipo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, pia hakikisha yako sawa kabla ya safari.

Muulize pia mambo ya hapa kwetu. Ramadhani ikiingia dozi zinahamishwaje, au huyu asifunge kabisa? Kijana anayetoka na mashua kuvua aendelee? Jiko la kuni je? Na nyumbani mpange ya kufanya akishikwa: mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu mdomoni, angalia saa, ikipita dakika 5 ni tuktuk moja kwa moja hospitali. Kama dakta alikuwa amewapa diazepamu ya kutia nyuma, akuandikie dozi upya, mtoto ameongeza uzito tangu ile ya zamani.

Namba ya simu ya dakta usiichukue kwa sista, muulize mwenyewe kama anakubali kupigiwa. Akikataa usimnunie, akishaondoka hana faili lako mbele yake na kubadilisha dozi kwa simu ni hatari kwenu nyote wawili.