Daipa inavuja? Cheki haya kwanza kabla hujahamia nepi za kitambaa

Dada, usikimbilie kubadilisha aina ya daipa, cheki saizi kwanza. Ukiona alama nyekundu mapajani ama zile gundi hazifiki vizuri kiunoni, mtoto ashaipita hiyo saizi hata kama kilo za kwa paketi bado zinamruhusu. Ukishamfunga pitisha kidole uyatoe nje yale marinda ya mapajani, yakibaki yamekunjika ndani mkojo watokea hapo hapo, na kiunoni ibane lakini vidole viwili vipite. Wa kiume, kamdudu kake kaelekeze chini, la sivyo asubuhi fulana imelowa mpaka kifuani.

Sasa daipa ama kitambaa? Hapa Mombasa mimi naangalia maji kwanza. Kama mfereji wenu hutoka kwa zamu na mwanunua maji ya mkokoteni, kufua nepi kila siku ni gharama pia, tena maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu vizuri, sabuni yaganda kwa kitambaa, mtoto awashwa na nepi haifyonzi tena. Suuza mpaka maji yatoke safi, zile dawa za kulainisha nguo usitie kabisa, kisha anika juani.

Msimu wa kaskazi joto ni jingi, daipa mchana kutwa vipele vyaweza kutoka. Mimi ningechanganya, nepi mchana mkiwa nyumbani na ubadilishe mara inapolowa, daipa usiku na mkienda kupanga foleni ya feri Likoni. Na tafadhali, daipa usitupe chooni, itaziba.