Somo: Blogu ya watu wengi, kuanzia rasimu ya Google Docs hadi posti ya Blogger

Somo hili ni la kikundi cha watu wawili hadi watano wanaotaka kujaribu blogu ya pamoja bila kulipia chochote. Kila mmoja awe na akaunti yake ya Gmail. Simu janja inatosha kwa kuandika na kuhariri, ila siku ya kuchapisha tafuteni kompyuta.

Kabla ya hatua yoyote, elewaneni jambo moja: rasimu inakaa sehemu moja tu. Blogger, huduma ya Google ya kuchapishia blogu, haitunzi matoleo ya nyuma ya posti. Wawili wakiifungua posti ileile kwa wakati mmoja, aliyehifadhi mwisho ndiye anayebaki, na kazi ya mwenzake inafutika kimyakimya bila pa kuirudisha. Google Docs, programu ya Google ya kuandikia nyaraka mtandaoni, imetengenezwa kwa ajili ya mikono mingi. Kwa hiyo Docs ni jikoni, Blogger ni barazani, na chakula hakipikwi barazani.

Hatua ya 1: Fungua blogu, kisha uifunge

Ingia blogger.com, andika jina la blogu, chagua anwani inayoishia na blogspot.com. Anwani iwe fupi na isiwe na alama za ajabu. Unaweza kuibadilisha baadaye, lakini linki zote mlizokwisha kusambaza WhatsApp zitakufa siku hiyohiyo.

Sasa nenda Settings, sehemu ya Permissions, bonyeza Reader access, chagua Private to authors. Blogu haionekani na mtu wa nje mpaka mtakaporudisha Public. Wengi huruka hapa, halafu posti ya majaribio yenye "aaa test test" inakutwa na ndugu na jamaa.

Ukiwa bado kwenye Settings, shuka hadi Formatting uangalie Time zone. Mara nyingi blogu mpya inakuja na saa za Pasifiki za Marekani, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kutegemea msimu wao. Usipobadilisha, posti uliyoipangia 8:00 AM itatoka saa 12 jioni au saa 1 usiku, na mtatafutana ubaya. Weka GMT+03:00, Nairobi au Dar es Salaam. Kwa wenzetu wa Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni GMT+02:00.

Kuna mtego wa pili wa saa, na huu ni wetu wenyewe. Mhariri akiandika kwenye kikundi "itoke saa 2 asubuhi", mwingine anaingiza 2:00 AM, na posti inatoka watu wakiwa wamelala. Wekeni utaratibu kwamba muda wa kuchapisha unaandikwa kwa tarakimu nne daima: 08:00, 14:30, 20:00. Hata kama mnaongea saa mbili, mnaandika 08:00.

Hatua ya 2: Gawa nafasi, usigawe nywila

Kwenye Permissions bonyeza Invite more authors, andika barua pepe za wenzako. Kila mmoja akubali mwaliko akiwa ndani ya akaunti yake. Akiingia atakuwa Author: anaandika na kuhariri posti zake tu. Admin anagusa kila kitu, hata kuifuta blogu yenyewe.

Wawe Admin wawili, si mmoja, si watano. Akiwa mmoja na laini yake ikapotea au ikafungwa, namba inaweza kupewa mtu mwingine, na blogu ikabaki bila mwenyewe. Wakiwa wote Admin, mwenye hasira siku moja anamaliza kazi ya mwaka.

Ile tabia ya kutumia akaunti moja na kupeana nywila iacheni kabisa. Google ikiona akaunti inafunguliwa asubuhi Dodoma na mchana Mombasa kwa simu tofauti, inaweza kudai uthibitisho kwenye simu ya mwenye akaunti, na mwenye akaunti yuko shambani. Admin wote wawashe uthibitisho wa hatua mbili, kisha wachape zile namba za akiba (backup codes) za kuingilia simu ikikosekana. Google hutoa kumi kwa mkupuo, kila moja ina tarakimu nane. Zikae kwenye karatasi, nje ya simu.

Hatua ya 3: Andaa folda

Kwenye Google Drive, ghala la mafaili la Google mtandaoni, tengeneza folda moja ya blogu, ndani yake folda tatu: 1-Rasimu, 2-Tayari, 3-Imetoka. Kila posti ni waraka wake peke yake. Msiandike posti kumi kwenye waraka mmoja, kwani ukirudisha toleo la nyuma kwa ajili ya posti moja, zote kumi zinarudi nyuma.

Bonyeza Share, ongeza wenzako kwa barua pepe zao. Mwandishi wa posti ni Editor, wengine wape Commenter. Commenter hawezi kuharibu kitu: kila anachobadilisha kinakuja kama pendekezo la kukubaliwa au kukataliwa.

Jihadhari na Anyone with the link ikiwa Editor. Linki ikishaingia kwenye kikundi cha WhatsApp, watu wanaingia bila kujitambulisha na juu ya waraka unaona majina ya wanyama tu. Aya ikifutwa, kumbukumbu haitakuambia nani, itasema mtumiaji asiyejulikana.

Hatua ya 4: Kuhariri

Mwandishi akimaliza, aende File, Version history, Name current version, aandike "Rasimu ya kwanza". Hapo hata mhariri akipitisha panga, mnajua pa kurudi, na kurudisha toleo la zamani hakufuti yaliyofuata.

Editor anayehariri kazi ya mwenzake abadilishe hali kutoka Editing kwenda Suggesting, juu kulia. Kwenye simu ipo ndani ya vidoti vitatu. Swali linalohitaji jibu liwekwe kama maoni pembeni kwa Ctrl+Alt+M, na ukiandika @ pamoja na barua pepe ya mhusika anapata taarifa. Mazungumzo ya uhariri yasihamie WhatsApp. Wiki mbili baadaye hakuna atakayekumbuka "ile sentensi ya tatu" ilikuwa ya posti gani.

Kikwazo kidogo kinachoudhi ni mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili. Nenda Tools, Spelling and grammar, uizime. Kwenye simu ongeza Kiswahili kwenye lugha za Gboard (kibodi ya Google), la sivyo kibodi itakubadilishia maneno kuwa Kiingereza huku unaandika.

Kabla hujaondoka Docs, fungua Tools, Review suggested edits, uamue kila pendekezo. Ukinakili waraka wenye mapendekezo yanayoning'inia, neno la zamani na jipya vinaweza kuhama vyote viwili: "mbegu zikaushwe zianikwe kivulini".

Hatua ya 5: Kuhamishia Blogger

Hapa ndipo pengi panapoharibikia. Ukinakili kutoka Docs na kubandika moja kwa moja, maandishi yanakuja na mavazi yake yote: aina ya herufi, ukubwa, rangi. Badili mwonekano kwenda HTML, yaani maandishi ya kompyuta yaliyo nyuma ya ukurasa, kwa ile alama ya kalamu kushoto na utaona kichwa cha maneno manne kimezungukwa na mistari mitatu ya `<span style=...>`. Kwa macho posti inaonekana sawa. Siku mkibadilisha mandhari ya blogu iwe nyeusi, herufi zilizofungwa rangi nyeusi zinapotelea humo humo, na mtafungua posti moja moja kuzisafisha.

Bandika kwa Ctrl+Shift+V. Kwenye simu ya Android gandamiza kidole uchague Paste as plain text. Utapoteza herufi nzito, vichwa vidogo na linki. Virudishe kwa mkono ndani ya Blogger. Vichwa vidogo viwe Heading au Subheading halisi, si herufi nzito zilizokuzwa, kwa sababu injini za kutafuta na programu za kuwasomea wasioona hutegemea alama hizo.

Baada ya kubandika, andika juu ya waraka wa Docs: "IMEHAMISHWA, rekebisha Blogger tu", uupeleke folda ya tatu. Kuanzia hapo marekebisho yanafanywa na Admin mmoja.

Hatua ya 6: Picha

Usibandike picha kutoka Docs. Mara nyingi kinachobandikwa ni kiungo cha kuelekea kwenye waraka, wala si picha yenyewe, na siku yoyote kinaweza kubaki kiboksi kitupu. Kama picha zipo Docs tu, chagua File, Download, Web page: utapata faili la zip lenye folda ya picha zote.

Picha ya simu ina MB 3 hadi 5. Ipunguze iwe na upana wa pikseli 1200, JPEG ubora 75, itashuka mpaka karibu KB 200. Tovuti ya squoosh.app inafanya hivyo ndani ya kivinjari, picha haitoki kwenye kifaa chako. Blogger yenyewe hupunguza ukubwa wa kuonyesha, lakini bando la kupakia linaliwa lote. Faida nyingine ni kwamba picha inatoka bila taarifa za mahali ilipopigwa. Picha ya nyumbani kwa mtu isiende hewani ikiwa na ramani ndani.

Hatua ya 7: Anwani ya posti na muda

Kulia, kwenye Permalink, chagua Custom, andika maneno matatu au manne: mbegu-za-mchicha. Fanya kabla ya kuchapisha, baada ya hapo imefungwa. Weka lebo mbili au tatu zilizokubalika. "Kilimo", "kilimo cha mboga" na "KILIMO" zisiwe lebo tatu.

Preview, soma kwa simu, halafu Published on ikiwa mnapanga muda, kisha Publish.

Hatua ya 8: Akiba

Mara moja kwa mwezi: Settings, Manage blog, Back up content. Unapata faili la posti, kurasa na maoni. Picha hazimo, kwa hiyo asili zake zikae kwenye Drive.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kigoma): Shikamoo mwalimu. Kwetu mtandao unakata sana. Nikiandika nje ya mtandao na mwenzangu naye anaandika, nini kinatokea?

Jibu: Marahaba. Kwenye simu fungua vidoti vitatu vya waraka, washa Make available offline. Mtandao ukirudi, Docs inaunganisha kazi zenu. Mkigusa aya tofauti hakuna shida. Mkigusa sentensi ileile mtapata mchanganyiko, maneno ya wote wawili yakiwa yameshonwa vibaya. Gawaneni kwa vichwa vidogo: aliye nje ya mtandao asivuke sehemu yake.

Swali (Thika): Mkuu, tumenunua domeni (jina letu wenyewe la tovuti). Ukiandika na www inafunguka, bila www haifunguki. Tumesubiri siku mbili.

Jibu: Hiyo haitajitatua kwa kusubiri. Mmeweka CNAME (rekodi ya kuelekeza jina kwenye jina jingine) ya www kwenda ghs.google.com, lakini domeni tupu inataka rekodi nne za A (za kuelekeza jina kwenye namba ya seva): 216.239.32.21, 216.239.34.21, 216.239.36.21 na 216.239.38.21. Ziwekeni zote, mfute A ya zamani ya aliyewauzia, kwani ikibaki wengine watatua kwenye ukurasa wake wa matangazo. Kisha Settings, Publishing, washa Redirect domain, na chini yake HTTPS availability na HTTPS redirect.

Swali (Mwanza): Kaka, kwa nini usiseme tu watu watumie WordPress?

Jibu: Kwa kikundi kikubwa WordPress, mfumo mwingine wa kuendeshea blogu, ni bora. Inatunza matoleo ya posti, na inakuonya mwenzako akiwa ndani ya posti ileile. Ina ngazi nyingi pia: Contributor anaandika na kuwasilisha, hawezi kuchapisha. Ila huyo Contributor hawezi kupakia picha, na hilo linashangaza wengi, kwa hiyo picha zake ziende kwa mhariri. Kama mnaiweka kwenye seva yenu wenyewe, masasisho na akiba ni juu yenu. Kwa majaribio ya miezi mitatu, Blogger inatosha.

Swali (Zanzibar): Ahsante mwalimu kwa somo. Mwenzetu amejitoa na posti zake zipo. Nikimwondoa zinafutika?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, hizo posti zinabaki kwenye blogu. Kinachosahaulika ni Drive. Nyaraka alizozifungua yeye ni mali ya akaunti yake, akizifuta zimekwenda. Kabla hajaondoka mwombe ahamishe umiliki kupitia Share, au Admin afungue kila moja na kufanya Make a copy. Nakala haiji na historia ya matoleo, kwa hiyo kuhamisha umiliki ndiyo njia nzuri zaidi.

Swali (Dar es Salaam): Tunahitaji kibali?

Jibu: Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zikafuatiwa na za 2020 na marekebisho mengine baadaye. Zilianza na leseni na ada kwa wenye blogu, na masharti yamekuwa yakibadilika. Waulizeni TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kwa aina ya maudhui yenu, hasa mkigusa habari na matukio ya nchi, kabla ya kubadili Private kuwa Public. Majibu ya vijiweni kuhusu ada yapuuzeni, mengi ni ya kanuni zilizopita.