Kuokoa picha za familia kwenye flashi iliyoharibika

Unachomeka flashi, kompyuta inasitasita, kisha Windows inakuambia lazima uifomati diski ya E: kabla ya kuitumia. Bonyeza "Cancel". Ujumbe huo hausemi kwamba picha zimefutika. Unasema kompyuta imeshindwa kusoma sehemu ya mwanzo ya flashi, ile inayoeleza kila faili limekaa wapi. Picha zenyewe zimehifadhiwa mbali na hapo, na mara nyingi hazijaguswa. Kinachozimaliza ni yanayofuata: mtu anafomati, ananakili faili jipya ili "kujaribu", au anaendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukarabati diski, kwa sababu ndiyo ushauri unaotolewa kila mahali. chkdsk kazi yake ni kuunyoosha mpangilio wa diski, si kukuokolea picha. Ikikuta vipande isivyovielewa inavikata na kuvitupia kwenye folda ya FOUND.000 kwa majina kama FILE0000.CHK, na ilichokwisha kubadilisha hakirudi.

Kwa hiyo chochote kisiandikwe kwenye flashi hiyo mpaka picha zitoke. Ichomoe na uiweke kando.

Kama tayari imefomatiwa, inategemea ni fomati ipi. Ile ya haraka, "Quick Format", huandika upya jedwali la mafaili tu, na picha hubaki chini yake. Fomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri flashi nzima. Hapo hakuna programu itakayorudisha kitu.

Ijue kwanza hali yake

Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, fungua "Disk Management", utazame ukubwa wa flashi. Ukubwa ukiwa sahihi na pembeni pakaandikwa RAW, una nafasi nzuri: kilichovurugika ni mpangilio, na hatua za hapa chini zimekusudiwa hali hiyo. Ukiona "No Media", chipu inayoendesha flashi haiwasiliani tena na chipu ya kumbukumbu. Jaribu tundu jingine la USB, moja kwa moja kwenye kompyuta bila waya wa kuongezea. Hali isipobadilika, programu hazitasaidia; hiyo ni kazi ya maabara ya kuokoa data.

Kichwa kikiwa kimepinda au kinacheza, usikinyooshe kwa mkono. Kwenye flashi za USB 2.0 kichwa kimeshikwa na miguu minne iliyolehemiwa: mmoja wa umeme wa volti 5, miwili ya data, mmoja wa hasi. Ukikisukuma unabandua njia za shaba kwenye bodi, na kazi ambayo fundi mwenye kikuzio angeimaliza haraka inakuwa ngumu kweli.

Flashi inayofunguka lakini ikaonyesha folda tupu au vishale vya mkato (shortcut) tu, huyo ni kirusi. Usibofye vishale hivyo. Ruhusu kuonekana kwa mafaili yaliyofichwa, kisha kwenye "Folder Options" ondoa alama kwenye "Hide protected operating system files". Mara nyingi picha zote zitatokea ndani ya folda isiyo na jina. Zinakili kwenye kompyuta, na kazi imekwisha.

Ipo pia flashi ya bandia, inayojitangaza kuwa na ukubwa isiokuwa nao. Dalili yake ni kwamba picha za mwanzo zinafunguka na za baadaye hazifunguki. Zile za baadaye hazikuwahi kuhifadhiwa, hivyo okoa za mwanzo na usipoteze siku kwa zilizobaki.

Nakala ya flashi nzima

Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo inayoamua matokeo. Flashi inayokufa huenda ikawa na saa chache za uhai, na kila programu ya kutafuta picha huisoma upya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Isome mara moja, sekta kwa sekta (vile vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa), uiweke yote ndani ya faili moja, kisha ufanyie kazi faili hilo. Faili litakuwa na ukubwa wa flashi, hata kama picha ni chache. Flashi ya GB 32 inahitaji GB 32 za nakala na nafasi nyingine ya picha zitakazotoka. Andaa diski ya nje yenye angalau GB 64 tupu. Diski hiyo isiwe imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili linalofika GB 4. Mipangilio ya NTFS, exFAT au ext4 inafaa.

Programu bora ya kazi hii ni GNU ddrescue, ya Linux. Kama unatumia Windows, washa Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, kutoka kwenye flashi nyingine bila kuisakinisha. Fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo apt install gddrescue

Kifurushi kisipopatikana, tanguliza sudo add-apt-repository universe. Kisha andika lsblk, amri inayoorodhesha diski zote, uitambue flashi kwa ukubwa wake. Tuseme ni /dev/sdb. Kabla ya kuendelea, ingia kwenye diski ya nje kwa cd, amri ya kuhamia folda nyingine. Ubuntu isiyosakinishwa huweka folda yako ya nyumbani kwenye RAM, nayo itajaa katikati ya kazi. Halafu:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb picha.img picha.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb picha.img picha.map

Mzunguko wa kwanza huchukua sehemu nzima na kuruka zile sugu. Wa pili huzirudia zilizorukwa, hadi mara tatu. Faili la picha.map hutunza kumbukumbu ya kilichosomwa, kwa hiyo umeme ukikatika au flashi ikijitoa, rudia amri ileile na itaendelea ilipoishia. Flashi ikijitoa, tazama tena lsblk, kwani ikirudi huenda imepewa jina jipya, kama /dev/sdc. Ikiwa ya moto, iache ipoe kwanza. Na usiongeze --force hata ukiona imeshauriwa mahali: bila neno hilo ddrescue hukataa kuandika juu ya diski, na ndiyo kinga yako ukigeuza mpangilio wa majina kwenye amri kwa bahati mbaya.

Kutoa picha

TestDisk na PhotoRec ni programu mbili za bure za Christophe Grenier, na hupakuliwa pamoja. Anza na TestDisk, kwa sababu ikifaulu unapata picha na majina na folda zake. Ifanyie nakala picha.img kama una nafasi, kisha andika testdisk picha.img. Chagua aina ya jedwali la mgawanyo wa diski inayopendekezwa, ingia "Advanced", kisha "Boot". FAT32 huweka nakala ya sekta yake ya kwanza kwenye sekta namba 6; TestDisk ikisema ya kwanza ni mbovu na ya akiba ni nzima, chagua "Backup BS". Halafu "List". Mafaili yakionekana, bonyeza a kuyachagua yote, na C kubwa kuyanakili.

Yasipoonekana, nenda kwa PhotoRec: photorec picha.img. Hii haijali jedwali la mafaili. Hutafuta alama za mwanzo wa faili, mfano JPEG huanza na baiti FF D8 FF, ndiyo maana majina ya awali hupotea na kuwa f1234567.jpg ndani ya recup_dir.1. Kwenye "File Opt" bonyeza s kuondoa aina zote, kisha rudisha jpg, png, tif na mov. Usiiache mov: video za simu na picha za HEIC za iPhone zimo humo. Nenda "Search", chagua "Other", halafu "Whole", na folda ya kupokelea iwe kwenye diski ya nje.

Baadhi ya picha zitatoka nusu, sehemu ya chini ikiwa ya kijivu. Hutokea zaidi kwenye flashi iliyofutwa na kujazwa mara nyingi, ambako faili moja huwa limetawanyika vipande vipande na PhotoRec hupata kipande cha kwanza tu. Hapo usikimbilie kufuta mafaili yanayoanza na t. Hayo ni vijipicha vilivyobebwa ndani ya picha kubwa. Ni vidogo, lakini huenda kimojawapo ndicho kinachoonyesha sura zote zilizokatwa kwenye picha yenyewe. Linganisha namba zake kwanza.

Kuzipanga kwa tarehe ya kupigwa, tumia ExifTool ya Phil Harvey, inayosoma tarehe iliyoandikwa ndani ya picha na kuifanya jina la faili:

exiftool "-FileName<DateTimeOriginal" -d %Y-%m-%d_%H%M%S%%-c.%%e recup_dir.1

Zilizopitia WhatsApp hazitabadilika jina, kwa kuwa tarehe huondolewa zinapotumwa. Hizo utazipanga kwa macho. Flashi ya awali na picha.img vitunze mpaka uwe umezifungua picha zote moja moja, si kuziona tu kwenye orodha.